Nyumba Namba 575: Nakshi za Mkono Mmoja Mjini London

Kusini ya mto Thames, katika jiji la London, ipo barabara ndefu iitwayo Wandsworth Road. Barabara hiyo huanzia upande wa Vauxhall na kuelekea Clapham. Si barabara ya fahari. Mabasi na malori huipita tangu alfajiri hata usiku, na kandokando yake nyumba za zamani za matofali zimesimama bega kwa bega, baina ya maduka na majengo ya wakati huu. Mgeni aliyekwenda London kutazama kasri la Mfalme au saa kubwa ya Bunge hana sababu ya kufika huko, na hata akifika hataona kitu cha kumsimamisha mbele ya mlango wenye namba 575. Ni nyumba nyembamba, ya kawaida kabisa, isiyopambwa kwa nje.

Lakini atakayefunguliwa mlango huo na kuingia ndani atashika mdomo. Kuta karibu zote zimevikwa mbao zilizotobolewa kwa nakshi nyembamba mithili ya tarizi ya kofia. Dari nazo zimevikwa. Milango imevikwa. Rafu za vitabu zimepindapinda kama matawi ya mti. Sakafu zimepakwa rangi kwa mifumo ya mraba na pembe, kama kwamba mkeka mzuri umetandikwa usioweza kukunjwa. Ndege, tembo, twiga, maua, majani na wachezaji ngoma wameranda katika mbao hizo kutoka chumba kimoja hadi kingine. Na kazi yote hiyo haikufanywa na kundi la mafundi wala haikulipiwa na tajiri. Ilifanywa kwa mkono wa mtu mmoja, mtumishi wa serikali, mwana wa Afrika Mashariki, kwa muda wa miaka ishirini. Mtu huyo aliitwa Khadambi Asalache.

NYUMBA ZA SAFU

Ili msomaji aelewe kazi hiyo, yafaa kwanza ajue nyumba za London zilivyo. Katika karne ya 19 jiji hilo lilipanuka kwa kasi kubwa. Watu walitoka mashambani kutafuta kazi viwandani, bandarini na maofisini, na wajenzi wakajenga nyumba kwa safu, moja imeegemea nyingine, zikigawana ukuta wa pembeni. Nyingi zilijengwa wakati wa Malkia Victoria, aliyetawala kutoka 1837 hadi 1901, na ndiyo maana huitwa nyumba za enzi ya Victoria. Nyumba namba 575 ni ya zamani zaidi kidogo. Ilijengwa mwanzoni mwa karne hiyo, kabla ya Malkia huyo kukalia kiti. Hata hivyo muundo wake ni wa ukoo huo huo: kuta za matofali, sakafu za mbao, ngazi nyembamba, meko katika vyumba, na chumba kilichozama nusu yake chini ya ardhi.

Mbao za sakafu na milango katika nyumba za namna hiyo kwa kawaida ni za msonobari. Uingereza haikuwa na misonobari ya kutosha, kwa hiyo meli zilileta magogo na mbao kutoka nchi za kaskazini ya Ulaya na pwani ya bahari ya Baltiki. Mti huo uliokua taratibu katika baridi ulikuwa na nyuzi zilizobanana, na mbao zake zilidumu. Baada ya miaka mia na zaidi, ubao wa namna hiyo huwa umekwisha kukauka na kusinyaa kadiri unavyoweza. Haupindi tena ovyo kama ubao mbichi. Jambo hili lina maana kubwa katika habari hii.

Nyumba hizo zilipata misukosuko. Mabomu ya Wajerumani ya 1940 na 1941 yalibomoa nyingi. Baada ya vita, katika miaka ya 1950 na 1960, mitaa mizima ya nyumba za safu ilivunjwa ili yajengwe majengo marefu ya ghorofa. Nyumba nyingine ziliachwa tupu zikivuja, na watu wasio na makao wakaziingia bila idhini ya wenyewe. Kisha mawazo yakabadilika. Watu wa kipato cha wastani wakaanza kuzinunua nyumba hizo kuukuu na kuzitengeneza. Wengi wao walitaka vitu vipya: wakang'oa milango, wakafumua sakafu, wakatupa mbao za zamani nje, katika yale makasha makubwa ya chuma yanayowekwa kando ya barabara kusubiri gari la taka. Kilichokuwa taka kwa mmoja kikawa mtaji kwa mwingine.

KIJANA WA KAIMOSI

Khadambi Asalache alizaliwa 1935 huko Kaimosi, magharibi ya Kenya, nchi ya vilima vya kijani, mvua nyingi na msitu mkubwa, isiyo mbali na mpaka wa Uganda. Alisoma katika shule ya Mang'u, kisha akajifunza usanifu wa majengo katika Chuo cha Ufundi cha Kifalme mjini Nairobi. Kutoka huko alikwenda Ulaya kujifunza sanaa, akapita Rome, Geneva na Vienna, na 1960 akatua London.

Maisha ya mgeni katika jiji kubwa hayana mteremko. Asalache alifundisha Kiswahili katika shule ya lugha ya Berlitz, na akafanya kazi na idhaa ya Afrika ya BBC. Kalamu yake haikulala. Mwaka 1967 riwaya yake iitwayo A Calabash of Life ilichapishwa, na mwaka 1973 ukafuata mkusanyo wa mashairi yake, Sunset in Naivasha. Kadhalika aliendelea na masomo akiwa mtu mzima, akapata shahada ya juu katika falsafa ya hesabu kutoka chuo cha Birkbeck, ambacho ni sehemu ya Chuo Kikuu cha London. Baada ya hapo akaajiriwa katika Hazina ya serikali ya Uingereza, ile wizara inayoshika mfuko wa nchi.

Basi huyo ndiye mtu mwenyewe: mshairi, mtu wa hesabu, aliyewahi kujifunza jinsi majengo yanavyosimama, na wakati huo huo karani wa serikali anayekwenda ofisini asubuhi na kurudi jioni kama watumishi wengine wote. Mshahara wa mtumishi haukumwezesha kununua nyumba katika mitaa ya wenye nacho. Mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 46, alinunua nyumba namba 575. Faida yake moja ilikuwa kwamba basi lipitalo barabara hiyo lilielekea upande wa Whitehall, penye ofisi yake. Faida nyingine hazikuonekana kwa macho. Watu walioingia bila idhini walikuwa wamekaa humo, na nyumba ilikuwa katika hali mbaya. Mtu mwingine angeiona kuwa ni mzigo. Yeye aliikubali, akaanza kuitengeneza.

UNYEVU UKUTANI

Adui wa nyumba kuukuu ni maji. Vita na moto huja mara moja na kupita. Maji huja kila siku, kimya kimya, bila bunduki. Katika nyumba namba 575 adui huyo alikuwa na ngome ya karibu. Jirani yake wa upande mmoja palikuwa na mahali pa biashara ya kufulia nguo, na unyevu ulipenya katika ukuta wa chumba cha kulia, kile cha chini kilichozama ardhini. Rangi ilipopakwa ilibambuka. Lipu ilipotiwa ililowa. Kila mwenye nyumba aliyewahi kuona ukuta ukitoa mabaka ya kahawia na koga la kijani anajua jinsi jambo hilo linavyochosha roho: unafuta leo, kesho limerudi.

Mwaka 1986 Asalache alichukua mbao kuukuu za sakafu, akazipigilia ukutani ili kuuficha unyevu ule. Kufikia hapo hapakuwa na ajabu yoyote. Ni jambo ambalo fundi yeyote wa mtaani angelifanya. Lakini alipokwisha kuziweka, akazitazama, mbao zile tupu hazikumridhisha. Zilikuwa zimefunika aibu ya ukuta, lakini hazikuwa na uso. Akaanza kuzitia nakshi. Akakata kipande kimoja, akakibandika. Akakata cha pili. Ukuta mmoja ukaisha, macho yakahamia ukuta wa pili uliobaki mtupu. Chumba kikaisha, mlango wa chumba cha pili ukadai haki yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka ishirini, mpaka kifo kilipomkuta.

Yafaa kusimama hapa kidogo. Watu wengi hudhani kwamba kazi kubwa huanza na mpango mkubwa, ramani kubwa na fedha nyingi. Kazi hii ilianza na ukuta uliolowa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu bwana aliziba ufa, na katika kuuziba akajenga jumba la ajabu.

KISU NA KEEKEE

Vifaa vyake havikuwa vya thamani. Hakuwa na karakana wala mashine za kiwandani. Alitumia keekee kutoboa tundu la kuanzia, kisha kisu chenye meno kama msumeno mdogo, kile ambacho mafundi wa Ulaya hukitumia kukatia mbao laini za lipu. Kwa kisu hicho alifuata mstari, akapinda nao, akatoka upande wa pili. Mtu aliyewahi kukata ubao kwa namna hiyo anajua kwamba mkono ukiharakishwa ubao hupasuka, na kazi ya jioni nzima ikawa kuni. Msonobari hupasuka kwa urahisi kufuata nyuzi zake. Subira si pambo katika kazi hiyo. Ni kifaa cha tatu, baada ya keekee na kisu.

Na mbao zenyewe? Hakuzinunua kwa mfanyabiashara. Alizitoa katika yale makasha ya taka na mahali penye ujenzi: mbao za sakafu, milango mizee, masanduku ya mbao. Wakati majirani wa mji mzima walikuwa wakitupa msonobari wa karne ya 19 ili waweke vitu vipya, Asalache aliubeba nyumbani, akaukata, akaupa uhai mwingine. Kwa hiyo nakshi hizo, ingawa ni mpya, zimetengenezwa kwa ngozi na mifupa ya nyumba nyingine za London zilizofumuliwa. Ile hekima ya ubao uliokwisha kukauka ilimsaidia, kwani kipande chembamba cha ubao mbichi kingepinda na kujitenga na ukuta katika mwaka wa kwanza.

Juu ya rafu zake aliweka vitu alivyovipenda na kuvikusanya, vingi vikiwa si vya bei kubwa: vidau vya wino vya kioo, na vyombo vya udongo vya Kiingereza vya karne ya 19 vyenye mng'ao wa shaba na waridi. Vyombo hivyo wakati wake vilikuwa pambo la nyumba za watu wa kawaida. Kwa hiyo hata katika uchaguzi wa vyombo, mwenye nyumba hakujifanya mfalme. Alichukua kilichokuwa cha watu wa kawaida akakiweka mahali pa heshima.

Atazamaye kwa haraka husema kwamba pande mbili za ukuta zimefanana. Atazamaye kwa makini huona kwamba hazikufanana kabisa. Kila kipande kilikatwa kwa jicho na mkono, na kila kimoja kina sura yake. Pengine hapo ndipo mtu wa hesabu na mshairi walipokutana. Mtu wa hesabu alitaka mpango, mshairi alitaka pumzi, na ubao ukawapatanisha.

LAMU, UNGUJA NA KWINGINEKO

Nakshi hizo zilitoka wapi? Asalache hakuiga mahali pamoja. Macho yake yalikuwa yamesafiri. Ndani ya kazi yake ulimo ukumbusho wa Msikiti Mkuu wa Cordoba na majumba ya Alhambra huko Granada, ambayo Waislamu wa Hispania waliyajenga zamani. Zimo nyumba za Damascus, na nyumba za mbao zilizojengwa ukingoni mwa maji mjini Istanbul. Na zimo, kwa nafasi kubwa, Lamu na Unguja.

Mkazi wa bara aliyewahi kupelekwa kikazi pwani atakuwa ameiona milango hiyo. Mlango wa Unguja ni barua ya mwenye nyumba kwa wapita njia: miimo yake imechongwa maua na minyororo, kizingiti cha juu kimeandikwa au kutiwa nakshi, na mbao zake nzito zimepigiliwa misumari mikubwa ya shaba. Katika nyumba za kale za Lamu, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, ukuta wa chumba cha ndani hutobolewa zidaka, yaani vijishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu, vya kuwekea vyombo vya kaure na kupumzisha macho. Unesco iliuingiza Mji Mkongwe wa Zanzibar katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Hivyo kile ambacho watu wa Pwani walikiona kuwa ni ukuta wa bibi na babu, dunia ilikuja kukiona kuwa ni hazina.

Si jambo dogo kwamba nakshi za namna hiyo zilipata nyumba ya pili katika chumba chenye unyevu mjini London. Asalache hakuwa mtu wa Pwani kwa kuzaliwa. Alitoka Kaimosi, penye nyumba za udongo na msitu. Lakini alikifundisha Kiswahili, na aliujua ule urithi kuwa ni wake pia, kama ambavyo ni wa kila mtu wa Afrika Mashariki anayetaka kuuchukua. Hakuileta Afrika London kwa kuning'iniza ngozi ya chui ukutani, kama walivyofanya wengi. Aliileta kwa kazi ya mkono, akaiunga na Hispania, Shamu na Uturuki, juu ya mbao za Baltiki, ndani ya matofali ya Kiingereza. Na vyote hivyo vikakaa pamoja bila ugomvi.

BAADA YA MWENYEWE KUONDOKA

Khadambi Asalache alifariki dunia mwezi wa Mei 2006, akiwa na umri wa miaka 71. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo huzikumba familia nyingi, ziwe tajiri au maskini: ni nani atakayeitunza kazi ya marehemu?

Nyumba ya safu katika London inaweza kuuzwa kwa fedha nyingi. Mnunuzi wa kawaida angefanya walivyofanya wengine: angefumua, akapaka rangi nyeupe, na zile nakshi za miaka ishirini zingerudi zilikotoka, katika kasha la taka kando ya barabara. Kisheria nyumba za safu hiyo zimo katika orodha ya majengo ya kuhifadhiwa, lakini orodha peke yake haitii mafuta bawaba wala haizibi paa. Asalache aliliona jambo hilo mapema. Katika wasia wake aliiacha nyumba kwa National Trust, shirika lisilo la serikali lililoundwa 1895 ili kuhifadhi nyumba, bustani na mahali pa uzuri nchini humo.

Shirika hilo lilizoea kupokea majumba ya makabaila yenye mashamba na ziwa la bata. Safari hii lilipewa nyumba nyembamba ya karani, penye kelele za mabasi. Na kupokea si jambo la kusema ndiyo tu. Nyumba inayotunzwa daima huhitaji fedha daima, na marehemu hakuacha mashamba ya kuleta kodi. Ikabidi shirika likusanye fedha kwanza, kwa kuomba michango, kabla ya kuweza kuahidi kwamba litaibeba kwa miaka yote ijayo. Miaka ikapita katika mashaka hayo. Mwaka 2010 nyumba ikaingia rasmi mikononi mwa shirika; zikafuata kazi za kuihifadhi; na mwaka 2013 mlango ukafunguliwa kwa umma.

Hapo likaja tatizo la pili, lililo gumu kuliko la kwanza. Kitu kisichotazamwa na watu husahauliwa, na kikisahauliwa hakuna atakayekichangia. Lakini kitu kinachotazamwa na watu wengi huchakaa. Sakafu za nyumba hiyo ni rangi juu ya ubao. Viatu vya siku moja vya umati vingeweza kufuta kazi ya mwezi mzima. Nakshi ni nyembamba. Bega la mtu mmoja asiyeangalia lingevunja twiga shingo. Kwa sababu hiyo waliamua kuingiza watu kwa vikundi vidogo sana, waliokwisha kujiandikisha, wakiongozwa na mtu, na kila mmoja avue viatu mlangoni. Msomaji wa huku atatabasamu, kwani kuvua viatu mlangoni ni adabu ambayo mama zake walimfundisha bila kuhitaji shirika.

MAFUNZO KWA WENYE NYUMBA

Familia nyingi zinazosoma gazeti hili hukaa katika nyumba za kambi na kota za serikali, na uhamisho ukija hufunga mizigo na kuhamia kwingine. Mtu anaweza kuuliza: nyumba ya London yanihusu nini, mimi nisiyejua nitakuwa wapi mwaka kesho? Inamhusu kwa mambo manne.

La kwanza ni hili la maji. Asalache alificha unyevu kwa mbao kwa sababu chanzo chake kilikuwa kwa jirani, nje ya uwezo wake. Mwenye kuweza kukifikia chanzo asianze na kuficha. Atazame kwanza paa na mifereji yake, kwani jani moja lililoziba bomba huweza kulowesha ukuta mzima. Atazame kama udongo wa nje umerundikana juu ya msingi, na kama maji ya mvua yanatiririka kuelekea nyumba badala ya kuikimbia. Afungue madirisha wakati wa jua ili hewa ipite. Na katika nyumba kuukuu iliyojengwa kwa chokaa, asikimbilie kuipiga saruji ngumu. Chokaa huuacha ukuta upumue na unyevu utoke nje. Saruji huufungia ndani, na baada ya muda tofali lenyewe huanza kumomonyoka. Fundi anayejua atachanganya chokaa na mchanga, naye atakuwa ameokoa fedha.

La pili ni mbao. Ubao mkuukuu si kuni mpaka umekwisha kuchunguzwa. Kasha la bidhaa, mlango uliovunjika, kitanda kilichochoka, vyote vina vipande vilivyokwisha kukauka vinavyofaa rafu, kigoda au fremu ya picha. Ang'oe misumari yote kwanza, kwani msumari mmoja uliojificha huharibu msumeno na huweza kumjeruhi mtu. Agonge ubao na kuusikiliza; unaotoa sauti butu na kumwaga vumbi una mchwa au bungua, na huo asiuingize ndani. Uliobaki aupige randa na msasa, na ataona rangi ya asali iliyojificha chini ya uchafu wa miaka.

La tatu ni wakati. Miaka ishirini ni mingi, lakini haikuja yote pamoja. Ilikuja jioni moja moja, kwa mtu aliyekwisha kufanya kazi ya serikali na kutimiza saa zake. Askari na polisi wanajua zamu. Wanajua pia saa zile ndefu baada ya zamu, ambazo wengine huzimaliza katika kilabu na wengine katika ugomvi. Saa moja kwa jioni, kwa vijana watatu wenye kisu na kipande cha ubao, huweza kuzaa fundi. Haba na haba hujaza kibaba.

La nne ndilo zito zaidi. Mtu huyu aliitendea nyumba aliyoikuta mbovu kama kwamba ilikuwa na haki ya kuwa nzuri. Hakungoja kupewa nyumba nzuri ndipo aipende. Wapo watu wanaokaa miaka sita katika kota wakisema kila siku kwamba si yao, na kwa sababu si yao hawapigilii hata bawaba iliyolegea. Watoto wao hukua wakiamini kwamba uzuri ni kitu cha watu wengine, mahali pengine. Wapo pia wanaofika katika nyumba ile ile, wakaipaka chokaa, wakapanda maua mlangoni, na siku ya kuhama wakamkabidhi mwenzao nyumba iliyo bora kuliko waliyoipokea. Hao hawakupoteza kitu. Ustadi walihama nao.

Aliyekata zile nakshi hayupo tena. Kile kisu kilikuwa cha kawaida, mbao zilikuwa za bure, nyumba ilikuwa ya kuonewa huruma. Lakini katika jiji lenye majumba ya wafalme, wapo watu waliovua viatu na kupanda ngazi nyembamba kwa hadhari, mmoja nyuma ya mwingine, ili kutazama alichokifanya mtumishi mmoja kutoka Kaimosi baada ya saa za kazi.